Risasi ya leza ya .375: misimu mitatu nayo Rungwa

Tulikuwa tumeshaagana, bahasha ya asante iko mfukoni, ndege ndogo inaunguruma mwisho wa kiwanja, ndipo mgeni akakumbuka. Akafungua zipu ya begi la bunduki, akatoa kijifuko cheusi, akanirushia. "Baki nacho, kitakufaa kuliko mimi."

Ndani kulikuwa na kitu kama risasi ya bunduki kubwa ya mawindo, ile ya .375 H&H, ya shaba ya manjano, urefu uleule, hata ule mkanda wa kwenye kitako cha ganda umechongwa vizuri. Ila pale penye kichwa cha risasi pana kitundu chenye kioo, na nyuma pana kifuniko cha kuzungusha. Chini ya kifuniko zinakaa betri tatu za kitufe, zile za saa. Ukikaza kifuniko, leza nyekundu inawaka. Ukilegeza, inazima. Hakuna swichi wala taa ya kukuonya kwamba umeisahau inawaka. Kambini iliitwa "risasi ya taa" tangu siku ya kwanza, na mimi nitaiita hivyohivyo. Chapa yake sitaitaja, maana nina ya kuilalamikia.

Mimi ni mwindaji bingwa, nafanya kazi na wageni kwenye kitalu cha uwindaji upande wa Rungwa, Tanzania. Kwa asiyeijua kazi yetu: mgeni akifika, kabla hajaonyeshwa hata unyayo wa ngiri, lazima bunduki yake ipimwe. Imepanda ndege mbili tatu, imerushwarushwa viwanjani, pengine skopu, ile darubini ya kulengea, ilivuliwa ikarudishwa. Tunabandika karatasi kwenye boksi tupu la maji, tunapima hatua, mgeni anakaa mezani, anapiga. Zamani asubuhi nzima iliishia hapo. Risasi ya kwanza haionekani kwenye boksi. Ya pili vilevile. Babu, mzee wetu wa kufuata nyayo, anasimama pembeni na darubini kuangalia vumbi linaporuka. "Kushoto!" Mwingine anasema, "Hapana, imepita juu!" Ya tano ikija kugusa kona ya boksi, bega la mgeni limeshavimba na ameanza kufumba macho kabla kidole hakijagusa triga. Anayefumba macho mbele ya boksi atafumba macho mbele ya nyati, na anayeingia kwenye majani kumfuata nyati aliyejeruhiwa ni mimi na Babu.

Kwa hiyo risasi ya taa niliipokea kwa mikono miwili.

Matumizi yake ni mepesi kwa maelezo. Unaiingiza chemba, pale risasi inapokaa, leza inatoka ndani ya mtutu moja kwa moja na kuweka nukta kwenye boksi. Unachungulia kwenye skopu, unazungusha vifundo vya kurekebisha mpaka msalaba wa ndani ya kioo uje pale ilipo nukta. Umemaliza bila kufyatua hata moja. Kwenye boksi lake pameandikwa kwamba baada ya hapo uko tayari kwa mawindo.

Hapo ndipo uongo ulipo.

Leza inakwenda mstari ulionyooka. Risasi haiendi hivyo. Kichwa cha grain 300 (kama gramu 19) kutoka .375 kinatoka kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, na kikifika mita 100 kimeshaporomoka kama sentimita 9 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Juu ya hapo, skopu haikai ndani ya mtutu, inakaa juu yake. Kwangu, kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya kioo ni kama sentimita 4 na nusu. Halafu bunduki kubwa inaanza kunyanyuka kabla risasi haijatoka mdomoni, jambo ambalo leza haiwezi kulijua kwa sababu yenyewe haipigi teke. Ukiweka msalaba juu ya nukta ukaondoka kwenda porini, umekwenda na bunduki ambayo haijapimwa.

Ninachofanya mimi ni kuweka boksi mita 25, siyo 50 wala 100. Kwa hesabu ya .375 yangu, kama nataka risasi igonge katikati mita 50 au mita 100 (kwa bunduki hii tofauti ni ndogo sana), nukta ya leza kwenye mita 25 inatakiwa ionekane kama sentimita moja chini ya msalaba. Sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nikishaiweka hapo, natoa risasi ya taa, nasogeza boksi mita 50, mgeni anapiga moja ya kweli. Mara nyingi inaingia ndani ya eneo la sahani ya kulia. Tunarekebisha, ya pili inasogea, ya tatu inathibitisha. Risasi tatu badala ya tisa, na bega bado linataka chai.

Nimetaja kurekebisha, na hapa wengi wanakwama. Skopu nyingi za Kimarekani kliki moja ni robo ya MOA (kipimo cha pembe), yaani milimita 7 na kidogo kwenye mita 100. Kwenye mita 50 ni nusu ya hapo, milimita 3.6 hivi. Risasi ikiwa chini kwa sentimita 8 kwenye mita 50, hizo ni kliki 22. Nimekuwa na mgeni aliyezungusha kliki nne, akapiga, akazungusha nyingine nne, akapiga, akaanza kulaumu skopu. Za Ulaya nyingi kliki ni sentimita moja kwa mita 100, kwa hiyo kosa lilelile utalirekebisha kwa kliki 16. Soma kilichoandikwa kwenye kifundo, fuata mshale, hesabu kwa sauti. Mimi huwa nahesabu na mgeni, yeye kwa lugha yake mimi kwa yangu, tukimaliza kwenye namba ileile tunacheka.

Sasa lawama. Ya kwanza ni jua. Nyekundu hii saa nne asubuhi ya Septemba huioni zaidi ya hatua kumi na tano, hata boksi likiwa jeupe. Tunalazimika kufanya alfajiri au jioni, au kulisogeza boksi kivulini chini ya mti. Za kijani zinaonekana vizuri zaidi, kwa sababu jicho la binadamu linaukamata mwanga wa kijani kuliko mwekundu hata kama nguvu ni sawa. Ningeinunua mwenyewe ningetafuta ya kijani.

Ya pili ni unyoofu wa leza yenyewe ndani ya ganda lake. Kuna njia ya kuujua, na ningemwomba kila anayenunua aifanye siku hiyohiyo. Funga bunduki isitikisike, mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Weka risasi ya taa, weka alama ya kalamu nukta ilipo. Fungua bolti (komeo la bunduki), izungushe risasi ya taa robo mzunguko ndani ya chemba, weka alama tena. Fanya mara nne. Kama leza imenyooka, alama zote zitakaa pamoja. Yangu kwenye mita 25 inachora duara la ukubwa wa kizibo cha soda, naivumilia. Mwenzangu wa kitalu cha jirani aliagiza nyingine kwa bei poa, ikachora duara ningeweza kuweka ndani yake sufuria ya ugali. Hiyo siyo leza ya kupimia, ni ya kuchezea paka.

Ya tatu betri. Ukisahau kulegeza kifuniko zinakwisha usiku mmoja, na porini huwezi kumtuma mtu dukani.

Pia kuna suala la ukucha. CZ 550 yangu, kama bunduki zote za mtindo wa Mauser, inataka ukucha wa bolti uikamate risasi inapopanda kutoka magazini. Ukiidondosha tu chembani na kusukuma bolti kwa nguvu, ukucha unalazimishwa kuruka kitako cha ganda. Naiweka magazini, naipandisha taratibu kama risasi ya kweli. Inatoka nayo vizuri bila kung'ang'ania.

Usalama nausema kwa ukali kwa sababu nimeona kitu. Risasi ya taa inafanana na risasi ya kweli, hilo ndilo tatizo lake kubwa kuliko yote niliyoyataja. Utaratibu wetu: risasi za kweli zote zinakaa kwenye boneti ya gari, mbali na meza, chini ya macho ya askari wanyamapori. Bolti wazi, magazini tupu, watu wawili wanachungulia chemba. Ndipo taa inaingia. Ikitoka, naishika juu kila mtu aione, inarudi mfukoni mwake, zipu inafungwa, ndipo boneti inaguswa. Tulianza utaratibu huu baada ya mwaka wa kwanza, siku tuliposhuka garini kufuata nyayo za madume matatu, nikafungua bolti nijaze, ikaruka chini ikiwa bado inawaka. Ilikuwa chembani tangu kambini. Fikiria nyati angetokea kabla sijafungua bolti. Babu aliiokota, akaipuliza vumbi, akanipa. "Mwanangu, ungemmulika huyo nyati akusome vizuri." Hakurudia tena maneno hayo na sikutaka ayarudie.

Kuna aina nyingine, zile za kuchomeka kwenye mdomo wa mtutu. Hizo kambini kwangu haziingii. Ukiisahau ile ukafyatua, mtutu unaweza kupasuka.

Na kuna leza za kulengea kabisa, zinazofungwa pembeni ya bunduki ziweke nukta juu ya unachopiga. Kwenye bastola ya ulinzi, ndani ya nyumba, usiku, naelewa faida yake. Msimu uliopita mgeni alikuja nayo, ya kijani, imefungwa chini ya mtutu wa .416. Nilimwomba aivue siku ya kwanza. Mchana kwenye hatua sitini hata kijani haionekani juu ya ngozi nyeusi ya nyati, na ukiwa kwenye majani marefu nukta inaishia kwenye jani la mbele yako. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa taa, na sikutaka kumweka askari wetu mahali pa kuamua kama leza ni taa au siyo taa. Aliivua bila ubishi.

Kwa hiyo mbona bado ninayo? Kwa sababu ya kazi ambayo haikuandikwa kwenye boksi, na niliigundua kwa aibu.

Ilikuwa siku ya tano ya safari, mgeni kapiga swala pala siku ya pili vizuri kabisa. Tukakutana na ngiri, hatua sabini, amesimama ubavu, mgeni yuko kwenye stiki za kuegemeza bunduki, ametulia. Vumbi likaruka nyuma ya mgongo wa ngiri, juu. Mgeni akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Nami kichwani nilishamhukumu: huyu amevuta triga kwa pupa. Tuliporudi kambini, kwa kutaka tu kumwonyesha kwamba bunduki haina shida, nikaweka risasi ya taa. Nukta ilikuwa juu ya msalaba kwa kiganja kizima na imekwenda kulia. Nikashika skopu kwa mkono, ikacheza. Skrubu mbili za pete ya nyuma zilikuwa zimelegea hadi nikazizungusha kwa vidole. Siku nne za gari letu, Kruza mkonga, kwenye njia za mawe na makorongo zilizifungua zenyewe, taratibu, bila mtu kuziona. Na bunduki yenyewe ilikuwa ya kambi, nimeifunga mimi. Niliomba radhi mezani mbele ya watu wote.

Tangu hapo ukuta wa nyuma wa banda la chakula una kibao cheupe, hatua ishirini na tano kutoka kwenye meza ya bunduki. Siku bunduki inapothibitishwa kwa risasi za kweli, papo hapo naingiza taa, alama yake ya wino ikiangalia juu (lazima ikae vilevile kila mara, kwa sababu ya lile duara la kizibo cha soda), naelekeza msalaba katikati ya kibao, naweka kitone cha kalamu pale nukta ilipoangukia. Jina la mgeni, tarehe. Kila alfajiri kabla ya kuondoka, dakika tatu: taa ndani, msalaba katikati, angalia kitone. Nukta ikikaa juu ya kitone cha jana, twende. Ikihama, kuna kitu kimelegea, hatutoki mpaka kijulikane. Hapa haijalishi kwamba leza haijui risasi inaangukia wapi. Inachotakiwa kujua ni kama kuna kilichosogea tangu jana, na hilo inalijua vizuri kuliko mimi. Msimu uliofuata ilikamata mbili: pete moja tena, na skopu ya mgeni iliyogongwa kwenye nguzo ya hema usiku bila yeye kusema.

Skrubu zenyewe sasa nazisafisha mafuta, tone moja la ile gundi ya bluu ya nati, na nazikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, badala ya kukisia. Gundi ya bluu inafunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu usiiguse, utazikata vichwa.

Kuhusu skopu niseme kifupi, maana ndiyo swali ninaloulizwa zaidi. Kwenye .375 nina Leupold ya 1-6x24 (inakuza mara moja hadi sita, kioo cha mbele milimita 24) na siibadilishi. Nyati tunampiga hatua thelathini hadi themanini, na kwenye moja unafungua macho yote mawili, unaona bega na unaona pia yule jike aliyesimama nyuma yake. Jicho linakaa mbali na kioo, karibu sentimita 9 na nusu. Wageni wanaokuja na 4-16 kubwa kama mche wa kutwangia wananisikitisha. Kwenye nne, hatua thelathini, wanaona nywele tu, hawajui ni za bega au za paja. Na zile zinazotaka jicho lisogee karibu, kwenye bunduki ya teke, huacha alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi. Kambini tunaiita muhuri wa Rungwa. Sanduku la huduma ya kwanza lipo karibu na meza kwa sababu hiyo.

Mahali pekee niliposhindwa na 1-6 yangu ni kwenye kibanda cha chui. Jua limeshazama, dume letu, au tulilodhani ni dume, limepanda kwenye tawi la chambo, hatua sitini. Mimi kwenye sita niliona gunia jeusi limelala juu ya tawi. Hesabu yake iko wazi: 24 gawanya kwa 6 ni milimita 4 za mwanga zinazofika jichoni. Mgeni alikuwa na 3-12x56 ya Ulaya ameiweka kwenye nane, 56 kwa 8 ni milimita 7, karibu yote ambayo mboni ya jicho inaweza kupokea gizani. Akanong'ona akiwa hajaondoa jicho kwenye kioo: shingo nyembamba, kichwa kidogo, hakuna kende. Jike. Na chui jike haruhusiwi. Tulikaa kimya tukimsikiliza akitafuna mfupa mpaka giza likamaliza kazi yake, gari likaja kutuchukua. Kioo kile ni ghali kuliko pikipiki yangu, na usiku ule kilistahili kila senti.

Nukta nyekundu ya Aimpoint, ile Micro H-2, kioo cha kulengea chenye nukta ya mwanga badala ya msalaba, ninayo kwenye .458 ya akiba. Nilipoiwasha mara ya kwanza niliona mbegu ya papai yenye mikia miwili, nikajua nimeuziwa bovu. Kabla sijairudisha nikaichungulia kwa kamera ya simu: nukta duara, safi. Kumbe jicho langu ndilo limepinda, na nimefikisha umri huu bila kujua. Nimepunguza mwanga wake hadi karibu na chini, imetulia, natumia. Ukiiona nukta yako imechanika, chungulia kwa simu kwanza kabla hujagombana na muuzaji.

Risasi ya taa ningeinunua tena kwa pesa yangu? Ndiyo, ya kijani, na ningeizungusha chembani mbele ya muuzaji kama angeniruhusu. Mwenye bunduki moja anayeishi karibu na uwanja wa kulengea shabaha haihitaji, atumie hizo pesa kwenye risasi na spana ya toki. Mwenye kambi aikazanie.

Msimu unafunguliwa Julai 1. Betri nimeshanunua sita kwa fundi saa pale Singida, yuleyule wa kila mwaka, na kila mwaka ananiuliza hiyo saa yangu inayokula betri tatu tatu ni ya aina gani, na kwa nini sijawahi kumpelekea aione.